Kutoka Zizini hadi Kwenye Tela: Historia ya Majani Makavu na Trekta la Bustani Nchini Marekani

Katika nusu ya mashariki ya Marekani, kuanzia majimbo ya New England, kupitia milima ya Appalachia, hadi maeneo yanayozunguka Maziwa Makuu ya bara hilo, sehemu kubwa ya misitu ni ya miti pukutishi, yaani miti inayoangusha majani yake yote kabla ya majira ya baridi na kubaki matawi matupu hadi Aprili au Mei. Siku zinapozidi kufupika mwezi wa Septemba, mti huvuta virutubisho vilivyokuwa katika majani na kuviweka akiba kwenye matawi, shina na mizizi, rangi ya kijani hufifia, manjano na wekundu huonekana, na kwenye kikonyo cha kila jani hujengeka tabaka la seli dhaifu ambalo hatimaye hukatika kwa upepo au kwa uzito wa jani lenyewe. Mwembe au mfenesi wa pwani ya Afrika Mashariki hudondosha majani yake kidogo kidogo mwaka mzima, na fagio la chelewa hutosha kuyaondoa kila asubuhi. Huko Marekani kazi yote ya mwaka hukamilika katika wiki chache za Oktoba na Novemba, kipindi kinachoitwa majira ya mapukutiko, na uwanja uliokuwa safi Jumatatu huweza kufunikwa hadi kifundo cha mguu ifikapo Jumapili. Namna watu wa maeneo hayo walivyoyashughulikia majani hayo imebadilika mara kadhaa katika muda wa karne mbili, na kila mara sababu ya mabadiliko ilitoka nje ya bustani: katika kilimo, katika sheria za ardhi, au katika viwanda vilivyotafuta wateja.

Kwa mkulima wa karne ya 19 majani makavu yalikuwa mali. Ng'ombe na farasi waliofungiwa zizini kwa miezi mitano ya theluji walihitaji matandiko ya kulalia, na pale ambapo majani ya ngano au ya shayiri yalikuwa haba, familia ziliingia msituni na reki za mbao, magunia na mkokoteni, zikakusanya majani na kuyarundika ghalani. Majani hayo yalifyonza mkojo wa mifugo, yakachanganyika na kinyesi, na majira ya kuchipua yalipofika yakarudishwa shambani yakiwa samadi. Desturi hiyo haikuwa ya Wamarekani peke yao. Wahamiaji wengi waliijua tayari katika nchi walikotoka, na huko Ujerumani ilikuwa imeenea kiasi cha kuwatia hofu wataalamu wa misitu. Mwaka 1876 Ernst Ebermayer, aliyefanya utafiti wake katika misitu ya Bavaria, alichapisha kitabu kikubwa kuhusu tandiko la majani la msituni, akieleza jinsi ukusanyaji wa kila mwaka ulivyoinyang'anya ardhi ya msitu rutuba na kuidhoofisha miti. Jambo hilo linastahili kukumbukwa na kila anayeyatazama leo malori ya manispaa yakipita kukusanya majani kama takataka, kwa maana karne moja na nusu iliyopita ugomvi ulikuwa juu ya nani apewe ruhusa ya kuyachukua.

Thamani hiyo iliondoka pamoja na wanyama. Karibu na mwaka 1915 Marekani ilikuwa na farasi na nyumbu wapatao milioni 26, na wengi wao waliishi nyuma ya nyumba za mijini na za vijijini vilevile. Kufikia mwaka 1960 walikuwa wamebaki milioni 3 hivi, nafasi yao ikiwa imechukuliwa na gari, lori na trekta. Zizi lilipogeuzwa kuwa gereji, majani yalikosa pa kwenda.

Wakati huohuo kulikuwa kumetokea kitu kingine kilichoyageuza majani kuwa adui, nacho ni uwanja wa nyasi fupi mbele ya nyumba. Mwaka 1830 Edwin Budding, fundi wa Stroud katika Uingereza, alipata hataza, yaani hati ya serikali inayolinda uvumbuzi, kwa ajili ya mashine ya kukata nyasi aliyoibuni kwa kufuata mfano wa mitambo ya kusawazisha manyoya ya kitambaa katika viwanda vya sufu vya wilaya yake. Kabla ya mashine hiyo, nyasi fupi zilikuwa anasa ya watu walioweza kuwalipa wafyekaji wenye miundu mirefu au kufuga kondoo. Nchini Marekani wazo la nyumba iliyozungukwa na nyasi lilienezwa na watu kama Frederick Law Olmsted, ambaye mwaka 1869 alichora mpango wa kitongoji cha Riverside karibu na Chicago, ambamo kila nyumba ilitakiwa kukaa nyuma ya barabara na kuacha nafasi ya kijani mbele yake, na Frank J. Scott, ambaye kitabu chake cha mwaka 1870 kuhusu kupamba viwanja vya nyumba za kitongoji kiliwahimiza majirani waondoe uzio ili nyasi zao zionekane kama uwanja mmoja. Nyasi za maeneo ya baridi huendelea kutengeneza chakula chake hadi mwisho wa mapukutiko, na tabaka zito la majani yaliyolowa huzinyima mwanga na hewa, kisha theluji inapolala juu yake huzuka ukungu unaoacha mabaka yaliyokufa majira ya kuchipua. Kwa hiyo ulazima wa kuondoa majani ulizaliwa na nyasi. Msitu wenyewe haukuwahi kumhitaji mtu wa kuufagia.

Kuna kinaya katika jiografia ya jambo hili. Kufikia katikati ya karne ya 19 sehemu kubwa ya New England ya kusini ilikuwa imekatwa miti na kugeuzwa mashamba na malisho, na mtu aliyesimama kilimani Connecticut au Massachusetts aliona kuta za mawe na kondoo zaidi kuliko kivuli. Lakini mfereji wa Erie, uliofunguliwa mwaka 1825, na reli zilizoufuata, zilifungua ardhi tambarare na yenye rutuba ya Ohio na majimbo ya magharibi yake, wakulima wa ardhi hiyo ya mawe wakahama au wakaenda viwandani, na mashamba yaliyotelekezwa yakarudi kuwa msitu. Vitongoji vya karne ya 20 vilijengwa ndani ya msitu huo uliorudi. Aina za miti nazo zilibadilika. Chestinati wa Marekani, mti mkubwa uliotawala milima ya Appalachia, ulishambuliwa na ugonjwa wa kuvu uliogunduliwa New York mwaka 1904, na katika miongo minne iliyofuata ulitoweka karibu wote. Sehemu kubwa ya nafasi yake ilichukuliwa na mialoni. Mielmu iliyopandwa kando ya mitaa ya miji mingi iliangamizwa na ugonjwa mwingine wa kuvu ulioonekana Ohio mwaka 1930, na mara nyingi manispaa zilipanda mepoli badala yake, mti wenye jani pana la ncha tano. Kwa mwenye reki mabadiliko hayo yalikuwa na uzito, kwa kuwa jani la mwaloni ni gumu kama ngozi, lina tanini nyingi inayolifanya lichelewe kuoza, na mialoni mingine hushikilia majani yake hadi Desemba, hivyo kazi iliyodhaniwa imekwisha huanza upya.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 jibu la kawaida la mjini lilikuwa moto. Majani yalirekiwa hadi ukingoni mwa barabara, yakawashwa Jumamosi jioni, na moshi wake ukawa sehemu ya kumbukumbu za utoto za vizazi viwili. Hakuna mashine kubwa iliyohitajika kwa utaratibu huo, kwa sababu moto ulimaliza palepale rundo ambalo lingehitaji safari nyingi za mkokoteni, na jambo hili linaeleza ni kwa nini vifaa vya kubeba majani kwa wingi vilichelewa kuenea ingawa injini ndogo za petroli zilikuwapo tangu mwanzoni mwa karne.

Trekta la bustani, kwa maana ya mashine ndogo ya magurudumu manne anayoikalia mtu mmoja na kuifungia zana mbalimbali mbele, chini ya tumbo na nyuma, lilitokana na ukoo wa kilimo. Babu yake wa mbali ni mashine za gurudumu moja au mawili zilizoongozwa kwa kutembea nyuma yake, kama ile ya Benjamin Gravely wa West Virginia, aliyepata hataza yake mwaka 1916, ambazo ziliwauzia wakulima wa mboga nguvu ya farasi bila gharama ya kumlisha farasi. Baada ya Vita Kuu ya Pili warsha ndogo zilianza kutengeneza matrekta madogo ya kukaliwa, mojawapo ikiwa ile ya familia ya Pond huko South Bend, Indiana, iliyoanza mwaka 1946 na ambayo bidhaa zake zilijulikana kwa jina la Wheel Horse.

Waandishi wengi wa historia ya vitongoji huanzia Levittown, mji uliojengwa kwenye kisiwa cha Long Island kati ya mwaka 1947 na 1951, wenye nyumba zaidi ya 17,000 zilizofanana. Kwa habari ya nyasi wana haki, kwani mikataba ya nyumba hizo iliwalazimisha wenyeji kukata nyasi kila wiki katika miezi ya joto. Kwa habari ya trekta wanapotosha. Kiwanja cha Levittown kilikuwa na upana wa futi 60 na urefu wa futi 100, eneo ambalo mtu mwenye reki analimaliza kabla ya chakula cha mchana, na trekta lingepata shida hata ya kugeuka. Mteja wa kweli wa trekta la bustani alikuwa kwingineko, katika miji iliyotumia sheria za mipango ya ardhi, ambazo Mahakama Kuu ya nchi ilizihalalisha mwaka 1926 katika kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio, kuweka ukubwa wa chini wa kiwanja kuwa ekari moja au mbili. Madhumuni ya masharti hayo mara nyingi yalikuwa kuwazuia watu wa kipato cha chini wasijenge jirani, lakini matokeo yake yasiyokusudiwa yalikuwa kumpa mtumishi wa benki au daktari uwanja wa meta za mraba 4,000 au 8,000 chini ya mialoni iliyokomaa, pamoja na wajibu wa kuusafisha siku za mapumziko. Ekari moja ya majani haiwezekani kwa reki, au inawezekana kwa namna inayomfanya mtu achukie nyumba yake.

Makampuni ya zana za kilimo yaliliona soko hilo wakati yakihitaji soko. Idadi ya mashamba nchini Marekani ilifikia kilele cha milioni 6.8 mwaka 1935, ikashuka hadi takriban milioni 2.7 mwaka 1969, na kila shamba lililomezwa na jirani lilikuwa mteja mmoja aliyepotea. Mwaka 1961 International Harvester ilileta Cub Cadet, iliyotengenezwa Louisville, Kentucky, ikiwa na injini ya Kohler ya silinda moja yenye nguvu za farasi 7 na giaboksi iliyofuata ile ya trekta lake dogo la shambani. John Deere ilifuata mwaka 1963 kwa trekta lililoitwa 110, lililotoka katika kiwanda cha Horicon, Wisconsin, nalo likiwa na nguvu za farasi 7. Kwamba wanunuzi hawakuwa tena wakulima kulidhihirika mwaka 1969, kampuni hiyo ilipowaruhusu kuchagua rangi ya boneti na kiti, nyekundu, chungwa, manjano au buluu, ili trekta lipatane na viti vya barazani. Mpango huo haukudumu, na kijani kilirudi.

Badiliko lililokuwa na maana zaidi kwa kazi ya majani lilifichika chini ya kiti. Katika matrekta ya mwanzo mwendo ulipitishwa kwa klachi na gia, na dereva aliyekutana na rundo zito alilazimika kusimama, kukanyaga klachi na kuchagua gia nyingine, huku visu vikipoteza kasi au majani yakiziba mdomo wa kutolea. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 yalitokea matrekta yenye mwendo wa haidrostatiki, yaani mfumo ambao pampu inayozungushwa na injini husukuma mafuta mazito kuelekea kwenye mota ya magurudumu, na dereva hupunguza au kuongeza mwendo kwa wenzo mmoja bila kugusa kasi ya injini. Aliyewahi kuendesha aina zote mbili anajua tofauti: trekta huweza kutambaa kwa mwendo wa konokono ndani ya majani ya kina cha goti ilhali visu na feni vikizunguka kwa kasi yake yote. Matangazo ya zama hizo yalisifu urahisi wa kuendesha. Kwa majani faida ilikuwa kubwa kuliko urahisi.

Zana za kukusanyia zilikuja kwa hatua. Ya kwanza na ya bei nafuu ilikuwa fagio la kukokotwa, yaani kikapu cha turubai kilichofungwa nyuma ya mhimili wenye brashi, ambazo huzungushwa na magurudumu yake yenyewe kupitia gia ndogo kwa kasi kubwa kuliko ya gurudumu, zikiyarusha majani nyuma hadi kikapuni, na dereva huvuta kamba kukimwaga bila kushuka. Brinly-Hardy, mmoja wa watengenezaji wa zana kama hizo, ilianza Kentucky mwaka 1839 kama karakana ya majembe ya plau ya kukokotwa na wanyama, na katika historia ya kampuni hiyo moja mtu anaweza kusoma safari nzima kutoka shambani hadi kitongojini. Fagio hufanya kazi vizuri juu ya majani makavu na uwanja tambarare. Majani yakilowa hushikamana na brashi, na kikapu hujaa baada ya mita mia moja tu, kwa kuwa majani mazima ni hewa zaidi kuliko kitu chenyewe.

Shida hiyo ya ujazo ndiyo iliyozaa tela la kufyonza. Kwenye tela lililozibwa pembeni na kufunikwa kwa wavu hufungwa injini ya pili, inayozungusha feni ya chuma ndani ya kasha. Bomba pana hutoka kwenye mdomo wa kasha la visu vya trekta hadi kwenye feni, ili majani yanayonyanyuliwa na visu yavutwe, yapigwe na mapanga ya feni, na kutupwa telani yakiwa vipande vidogo vinavyochukua sehemu ndogo ya nafasi ya awali. Agri-Fab ya Sullivan, Illinois, iliyoanzishwa mwaka 1975, ilikuwa miongoni mwa makampuni yaliyozieneza zana za kukokotwa kwa bei ambayo mwenye nyumba wa kawaida aliimudu. Wazoefu walijifunza pia ufundi ambao haukuandikwa katika vitabu vya maelekezo: kuzunguka uwanja kutoka nje kuelekea kati huku mdomo wa visu ukielekezwa ndani, ili majani yasagwe mara tatu au nne na kuachwa katika mstari mmoja kabla ya kufyonzwa, kungoja umande ukauke, lakini si hadi majani yawe vumbi linaloziba chujio la hewa na mapezi ya kupozea injini, na kusimama mara kwa mara kuondoa majani yaliyojikusanya juu ya ekzosi, kwa sababu matrekta kadhaa yameteketea kwa njia hiyo.

Moto wa barabarani ulikuwa umekwisha kwa wakati huo, au ulikuwa ukielekea kwisha. Moshi wa majani yenye unyevu una monoksidi ya kaboni, chembe laini zinazoingia ndani ya mapafu, na kemikali zinazosababisha saratani, na baada ya sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 majimbo na miji mingi ilipiga marufuku uchomaji wa wazi. Magari yenyewe yaliongeza sababu, kwa kuwa kuanzia matoleo ya mwaka 1975 mengi yalifungwa kigeuzi cha kemikali cha ekzosi, kifaa chenye joto kali kinachoweza kuwasha majani makavu chini ya gari lililoegeshwa. Majani yakaanza kupelekwa dampo ndani ya mifuko ya plastiki, utaratibu ambao ulidumu chini ya miongo miwili. Mwaka 1987 jahazi la Mobro 4000, lililosheheni taka kutoka Islip, New York, lilizunguka pwani kwa miezi likikataliwa kila bandari, na uhaba wa madampo ukawa habari ya taifa. New Jersey ilizuia majani yasitupwe dampo kuanzia mwaka 1988, Illinois ikafuata kwa taka zote za bustani tarehe 1 Julai 1990, na majimbo mengine mengi yakatunga sheria za namna hiyo katika miaka hiyohiyo. Mwenye ekari mbili, aliyenyimwa kiberiti na kisha kunyimwa dampo, alilazimika kuyahamisha majani yake mwenyewe hadi kwenye rundo la mboji au hadi ukingo wa barabara palipopita lori la manispaa, na hapo tela la kufyonza, lililokuwa starehe, likawa kifaa cha lazima.

Njia ya kuyahamisha majani bila kuyagusa ilikuwapo pia, nayo ni kipulizio, kilichotokana na mashine za mgongoni za kupuliza dawa mashambani. Kelele zake zilileta ugomvi mapema, na mji wa Carmel-by-the-Sea katika California ulikipiga marufuku mwaka 1975. Mji wa Washington umezuia vipulizio vya petroli tangu tarehe 1 Januari 2022. Kipulizio husogeza majani tu, na ugomvi juu yake, pamoja na ukali wake wote, hauhusu hatima ya jani.

Hatima hiyo iliguswa na utafiti wa nyasi. Bolens ya Port Washington, Wisconsin, ilikuwa imeuza mashine za kukata na kusaga nyasi tangu miaka ya 1970, zenye kasha la visu lililozibwa mdomo ili kinachokatwa kizunguke ndani na kukatwa tena kabla ya kudondoka. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walijaribu kusaga majani ya mialoni na mepoli juu ya nyasi mwaka baada ya mwaka, wakakuta kwamba nyasi hazikudhurika, mradi vipande viwe vidogo vya kutosha kuzama kati ya majani ya nyasi na kuziacha wazi kwa mwanga. Kwa mkulima wa migomba wa Kagera, anayetandaza majani makavu juu ya udongo wa kibanja chake na kuyaita matandazo, matokeo hayo hayana jipya. Kwa mwenye trekta yalimaanisha kwamba seti ya visu inayobadilishwa kwa spana moja ingeweza kufanya kazi ya tela, bomba na injini ya pili, kwa sehemu ndogo ya gharama, pale ambapo majani hayakuzidi kina.

Katika mwongo wa karibuni wanaikolojia wamekwenda mbali zaidi. Shirika la Xerces, lililoanzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya kuhifadhi wadudu na wanyama wengine wasio na uti wa mgongo, linawahimiza wenye nyumba wayaache majani mazima chini ya miti na kwenye matuta, kwa kuwa vipepeo, nondo na vimulimuli hupitisha baridi ndani yake wakiwa mayai, mabuu au mabundo, na kisu kinachosaga jani husaga na kilichomo. Hoja hiyo ni sahihi kwa pembe za bustani, ingawa haijibu swali la uwanja wenye tabaka la nusu meta chini ya mialoni ishirini. Huko trekta bado halina mshindani, na njia inayokubalika zaidi ni kuyasukuma majani ya katikati hadi chini ya miti yenyewe.

Kwa mujibu wa wakala wa serikali wa kulinda mazingira wa Marekani, taka za bustani zilikuwa tani fupi milioni 35 mwaka 1990, kila tani fupi ikiwa na kilo 907, na asilimia 12 tu ndizo zilizogeuzwa mboji; mwaka 2018 zilikuwa milioni 35.4, na mboji ilichukua milioni 22.3. Majani yanayosagwa na trekta na kuachwa palepale hayamo katika hesabu hiyo, kwa kuwa hesabu huanza pale jani linapovuka mpaka wa kiwanja.